Civ V, Civ VI au Unciv: nianze na ipi kwenye laptop ya RAM GB 4?

Nahodha_Tanga
Wakuu, habari za jioni. Miaka yote nimecheza gemu za mpira na magari, mpaka binamu yangu alipokuja likizo akanionyesha Civilization V (Civ V), gemu ya kujenga himaya zamu kwa zamu. Tulikaa saa tatu usiku, tukainuka adhana ya alfajiri inaita. Sasa nataka yangu mwenyewe. Laptop ni ya zamani, RAM GB 4, haina kadi ya picha, na intaneti ni bando la simu. Kuna Civ V ya 2010, Civ VI ya 2016, na mtu kanitajia Unciv. Mliocheza zote tatu, zinatofautiana wapi hasa? Nauliza kuhusu uchezaji, uzuri wa picha haunisumbui.

mama_zamu
Karibu sana mdogo wangu. VI iache kwanza. RAM GB 4 ndicho kiwango cha chini kinachotajwa, na kweli itafunguka, lakini ukifika zamu ya 200 ramani imejaa himaya, kila ukimaliza zamu unasubiri mpaka chai inapoa. V inadai GB 2 tu. Tena ina mwonekano wa ramani bapa, alama tupu bila milima wala mawimbi. Mimi nimecheza miaka miwili kwa mwonekano huo, na laptop haikuchemka.

Mpanga_Miji
Kwa mashine namuunga mkono dada. Ila Nahodha asije akadhani VI ni V iliyopakwa rangi. Ni fikra mbili tofauti.

Katika V mji wako ni kigae kimoja cha ramani. Maktaba, soko, hekalu, vyote unavirundika humo humo. Katika VI mji unatoka nje ya kuta: eneo la elimu linataka kukaa kando ya milima, bandari inakaa majini, viwanda vinataka jirani ya migodi. Ukiliweka eneo vibaya zamu ya 40, utalikuta limekuzibia njia zamu ya 150. Halafu kuna Eureka, punguzo la kazi ya kuvumbua teknolojia: ukijenga mji pwani, ubaharia unakuja haraka, maana umepunguziwa 40% ya kazi hiyo. Ardhi uliyozaliwa ndiyo inakuelekeza uwe nani. Kwa hiyo sijawahi kucheza VI mara mbili kwa njia ile ile, ilhali V karibu kila mara naishia miji minne.

mama_zamu
Hiyo miji minne ina sababu, naomba tumweleze mwenzetu. Katika V furaha ya watu inahesabiwa kwa himaya nzima, kwa hiyo kila mji mpya unaitafuna. Tangu nyongeza ya Brave New World ya 2013, kila mji unaongeza pia gharama ya teknolojia kwa 5% kwenye ramani ya kawaida. Anayetawanyika ovyo anabaki nyuma kwa sayansi. Mimi napenda hivyo. Miji minne naijua kama watoto wangu: huu wa vita, huu wa dhahabu, huu nautunza kwa maajabu, yale majengo ya kipekee. Katika VI nikifika miji 12 nachoka kuizungukia.

Karafuu_Pemba
Mimi nitaitetea VI kwa jambo moja. Ina Zanzibar. Ni dola-mji ya biashara, yaani mji mmoja unaojitawala chini ya kompyuta, na ukiwa msimamizi wake (aliyeutumia wajumbe wengi kuliko wengine) unapata mdalasini na karafuu, bidhaa ambazo huzipati kwa njia nyingine yoyote. Kila moja inaleta starehe 6. Miji inayonung'unika inatulia mara moja. Na nyongeza ya Rise and Fall ya 2018 ilileta Kilwa Kisiwani miongoni mwa maajabu: unaijenga kwenye ardhi tambarare kando ya bahari, inakupa wajumbe 3 wa kutuma kwenye dola-miji, kisha usimamizi wako wa dola-miji unauongezea mji huo 15% ya mazao yanayohusika. Aliyeibuni alielewa Kilwa ilivyoishi: kwa mahusiano na bandari za wengine. Ibn Battuta alifika pale mwaka 1331. Niliposimama mbele ya msikiti mkuu wa magofu yale, nililikumbuka gemu hili, sioni haya kusema. Kinachoniuma ni kwamba Waswahili kama himaya ya kuchezwa hatumo, si V wala VI.

Kisanga_Lubumbashi
Kongo imo katika VI, chini ya mfalme Mvemba a Nzinga. Chini yake Kongo haiwezi kuanzisha dini, inapokea imani za dini iliyoenea mijini mwake. Ngumu kwa mgeni, tamu kwa mzoefu.

fundi_simu
Unciv mmeisahau, nayo ndiyo inayomfaa huyu. Haina gharama, imetengenezwa na watu wa kujitolea, faili yake ni ndogo, bando halitalia. Inakubali Android na kompyuta, na bila intaneti inacheza. Sheria ni za V pamoja na Gods & Kings, nyongeza iliyotangulia Brave New World, basi. Za Brave New World hazimo: hakuna misafara ya biashara, hakuna watalii. Ushindi wa utamaduni unaupata kwa kukamilisha matawi matano ya sera na kujenga Utopia Project. Picha ni za kawaida mno, lakini hesabu zote ni zile zile. Mimi nacheza kwenye daladala, na umeme ukikatika sina wasiwasi.

Nahodha_Tanga
Nawashukuru sana. Nimeshusha Unciv sasa hivi, V nitainunua ikipunguzwa bei. Da' Karafuu, umenitia hamu ya VI, nitaisubiri mpaka nipate mashine. Nianze ngazi gani ya ugumu?

mama_zamu
Prince, ya nne kati ya nane. Hapo kompyuta haibebwi, wewe pia hubebwi. Na jenga wapiga mishale wawili mapema. Washenzi, wale maadui wasio na himaya, watakuja kabla ya zamu ya 30.

fundi_simu
Ukishazoea, tuna ramani ndogo ya watu wanne, kila mtu anacheza zamu yake akipata nafasi. Mmoja wetu amesafiri, kiti chake kiko wazi. Utachukua himaya yake ya Songhai?