Wikendi ya Berlin kwa watu watano: tiketi, njia na mitaa inayotuhusu

Habari za humu jamani,

Tuko marafiki watano, watatu tunaishi Uholanzi na wawili Uingereza, wote kwa pasi za Tanzania. Tunafika Berlin Ijumaa saa nane mchana kwa ndege na tunaondoka Jumapili usiku. Wenyeji tunaomba mwongozo: makaratasi, usafiri wa mjini, na mahali penye maana kwa Mtanzania, si pa kupigia picha tu.

---

Karibuni sana.

Makaratasi kwanza. Wa Uholanzi wakiwa na kadi ya ukaazi iliyo hai na pasi, hawahitaji viza. Wa Uingereza wanahitaji viza ya Schengen hata kama wana ukaazi wa kudumu huko, na wanaiombea Ujerumani kwa sababu ndiyo safari yao. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla. Ugumu uko kwenye kupata miadi, kwa hiyo tafuteni miadi kwanza ndipo mlipie ndege. Mpakani pia wawe na subira: tangu Oktoba 2025 wageni wa muda mfupi wanasajiliwa kielektroniki wanapoingia, na wenye viza wanapigwa picha.

Tiketi za mjini ndizo zinazowaliza wageni. Berlin ina kanda tatu, A, B na C. Uwanja wa ndege wa BER, uliofunguliwa Oktoba 2020, uko kanda C, na tiketi ya AB haikufikishi. Wakaguzi wanavaa nguo za kawaida, faini ni euro 60 kwa kila kichwa, na kusema "sikujua" hakusaidii kitu.

Nyinyi mko watano, basi nunueni tiketi ya kikundi ya saa 24. Moja inatosha watu hadi watano, ila lazima msafiri pamoja. Chukueni ya ABC pale uwanjani Ijumaa. Ikiwa ni ya karatasi, igongeni mhuri kwenye kisanduku kilicho jukwaani kabla ya kupanda treni, maana saa zinaanza kuhesabiwa pale. Isiyogongwa ni sawa na kutokuwa na tiketi. Ya kwenye programu ya simu haigongwi, lakini hakikisheni simu ina chaji.

Hiyo ya kwanza itaisha Jumamosi saa ile ile mliyoigonga, yaani baada ya saa nane mchana. Msiharakishe kuwasha ya pili, nayo iwe ya ABC. Alasiri tembeeni kwa miguu, muigonge mnapokwenda kula, tuseme saa kumi na mbili jioni. Itawafikisha Jumapili saa kumi na mbili jioni, yaani safari ya kurudi uwanjani imo ndani yake, mradi mfike kabla ya saa hiyo. Usiku wa kuamkia Jumamosi na wa kuamkia Jumapili treni za U-Bahn (za chini ya ardhi) hazilali, hamtahitaji teksi.

---

Naongezea njia, maana hapo ndipo wengi wanapoteza siku nzima kwenye foleni ya Checkpoint Charlie, kituo cha ukaguzi cha enzi za Ukuta wa Berlin, na kibanda kile si cha asili.

Jumamosi asubuhi anzieni stesheni ya Nordbahnhof, mtokee Bernauer Straße. Hapo kipande cha Ukuta kimehifadhiwa pamoja na ukanda mtupu uliokuwa nyuma yake, na kuna mnara wa kupanda ukauona kutoka juu. Bure kabisa. Ndipo mtaelewa kwamba Ukuta haukuwa ukuta mmoja, bali kuta mbili na eneo la kufia katikati.

Kisha shukeni Invalidenstraße kwa miguu, dakika kama kumi na tano, hadi Makumbusho ya Maumbile. Ukumbini amesimama mjusi wetu wa Tendaguru, yaani dinosaria, mita 13.27 kwenda juu. Mifupa yake ilichimbwa Lindi kati ya 1909 na 1913. Msimamizi wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, na wapagazi walibeba mizigo kwa miguu hadi bandari ya Lindi. Nendeni pale mbele ya miguu ya mbele, mtazame juu taratibu. Mtanzania anayefika Berlin bila kumwona huyu, kwa maoni yangu, hajafika.

Kituo cha njia ya U-Bahn U6 kilicho jirani, Naturkundemuseum, ni ushuhuda pia: kuanzia 1961 hadi 1990 treni za Berlin Magharibi zilipita hapo chini bila kusimama, kwa sababu juu palikuwa Mashariki. Pandeni hapo vituo sita hadi Rehberge. Mtaingia Mtaa wa Kiafrika, mkutane na Sansibarstraße na Usambarastraße. Kilichobadilika ni Petersallee. Carl Peters, mwasisi wa ukoloni wa Kijerumani kwetu, alipewa hati ya Kaiser tarehe 27 Februari 1885, siku moja baada ya Mkutano wa Berlin kufungwa. Mwaka 1986 walijaribu kutuliza mambo kwa kusema jina sasa ni la Peters mwingine. Hatimaye Agosti 2024 barabara iligawanywa, na kipande kimoja kinaitwa Maji-Maji-Allee.

Mahali mkutano wenyewe ulipofanyika kuna bango, Wilhelmstraße 92. Jengo halipo.

---

Mimi naongeza machache. Kuba la Bunge ni bure ila mnajiandikisha mtandaoni mapema, majina na tarehe za kuzaliwa za wote watano, na majina yawe herufi kwa herufi kama kwenye pasi. Hoteli itaongeza kodi ya jiji, asilimia 7.5 ya bei ya chumba. Bebeni noti, kwani migahawa midogo mingine haipokei kadi za nje. Chupa za plastiki msitupe, nyingi zinarudisha senti 25 kila moja mkizipeleka dukani.

Jumapili maduka yamefungwa. Supamaketi ya Hauptbahnhof hufunguliwa. Mizigo iacheni hotelini ikiwa iko karibu na Neukölln, kwa sababu siku yenu itaishia huko. Shukeni Hermannplatz, mtafute Lucy-Lameck-Straße. Hadi 2021 uliitwa Wissmannstraße, kwa jina la yule aliyeongoza vita dhidi ya Abushiri na watu wa pwani. Sasa una jina la mama wa Moshi aliyekuwa mwanamke wa kwanza kuwa naibu waziri nchini kwetu. Kutoka hapo msikiti wa Şehitlik uko karibu, na kando yake ni Tempelhofer Feld: uwanja wa ndege uliofungwa 2008, na mwaka 2014 wakazi wakapiga kura usijengwe. Watu wanaendesha baiskeli kwenye njia ya kurukia ndege.

Tokeni upande wa mashariki, chukueni mizigo, nendeni stesheni ya Hermannstraße. Treni ya S45 inakwenda moja kwa moja BER, kila dakika 20. Wikendi mara nyingi kuna matengenezo ya reli na basi huwekwa badala ya treni, kwa hiyo angalieni ratiba Jumapili hiyo hiyo asubuhi.