Choo kimejaa, mwenye nyumba anasema wapangaji ni wachafu. Tufanyeje?

Mpangaji wa Ilemi

Wakuu, habari za jioni. Nyumba tunayopanga ipo Ilemi, Mbeya. Familia 6, watu 22 pamoja na watoto. Choo ni cha shimo, tundu moja, kimepakana na bafu. Shimo limejaa, sakafu ina ufa karibu na tundu, na maji ya bafuni yanakatiza uani hadi chini ya bomba tunalochotea maji. Mwenye nyumba ni mzee, anaishi Chunya. Akipigiwa simu anasema sisi ndio wachafu, tufanye usafi. Mvua za Novemba haziko mbali. Tumwandikieje atuelewe, na akikataa twende kwa nani? Kodi tunalipa miezi mitatu mitatu.

Fundi Chemba

Mkianza na neno "kichafu" atawajibu "safisheni", na mjadala utaishia hapo. Mpelekeeni vipimo. Fungeni jiwe kwenye kamba, mulikeni tochi, lishusheni tunduni taratibu hadi liguse tope, wekeni alama kamba inapolingana na sakafu, halafu pimeni kamba hiyo kwa tepu. Ikibaki chini ya sentimita 50, shimo limejaa kitaalamu, hata kama bado halijafurika.

Hesabu yenyewe ni hii. Mtu mmoja hujaza kama lita 60 za tope kwa mwaka, hasa mkitupa na makaratasi humo. Watu 22 ni lita 1,320. Shimo la duara la upana wa mita 1 na kina cha mita 3, ukiacha zile sentimita 50 za juu, linabeba lita 1,960 hivi. Yaani mwaka mmoja na nusu limekwisha, hata mkipiga deki kila asubuhi. Pia tundu moja linafaa kwa watu wasiozidi 20. Mzee akiona hesabu hiyo ataelewa kwamba ufagio hauongezi kina cha shimo.

Chunguzeni pia kama maji ya bafu yanaingia chooni. Kama yanaingia, shimo linajaa maji kabla ya tope, na masika udongo ukishalowa kuta hazinyonyi tena. Dawa yake ni bafu lipate shimo lake: mita 1 kwa 1, kina mita 1.5, lijazwe mawe makubwa, juu nailoni ngumu kisha udongo. Maji yapite kwanza kwenye chemba ndogo yenye wavu wa kuzuia nywele na vipande vya sabuni, la sivyo mawe yataziba. Kama jirani ana kisima, shimo likae umbali wa mita 30. Viwanja vyetu vimebanana, mara nyingi hizo mita hazipatikani. Basi maji ya kisima hicho yabaki ya kufulia na kudekia.

Ule ufa msiuchukulie poa. Kabla ya kuzungumzia harufu, zuieni watoto wasiingie peke yao.

Dada wa Afya ya Jamii

Fundi amemaliza upande wake. Mimi naongeza barua.

Iandikwe na familia zote 6, kila mmoja asaini na kuweka namba ya chumba. Barua ya mtu mmoja humfanya aonekane mkorofi, na yeye ndiye atakayeambiwa ahame. Iwe ukurasa mmoja. Mfano:

"Mzee wetu, shikamoo. Sisi wapangaji wako wa Ilemi tunakujulisha kwamba choo kimejaa: tope lipo sentimita 35 chini ya sakafu. Sakafu ina ufa wa sentimita 40 unaofika kwenye tundu. Maji ya bafu yanatuama chini ya bomba. Usafi wa kila siku tunaufanya kwa zamu, na ratiba tumeiambatanisha. Tunaomba ndani ya siku 14 choo kinyonywe na fundi aje kuangalia sakafu. Tunaomba pia utupe siku ya kukutana."

Wekeni vipimo vyenu halisi, na picha zenye tarehe. Nakala moja ibaki kwenu, nyingine apewe mwenyekiti wa mtaa, naye agonge muhuri wa kupokea. Mkimtumia mzee kwa WhatsApp, hifadhini ujumbe. Ile ratiba ya zamu ni muhimu kuliko inavyoonekana, maana inamwondolea hoja ya uchafu. Kama hamna, ianzisheni kabla ya barua.

Siku zikipita kimya, nendeni kwa mtendaji wa kata, muulizeni afisa afya wa kata. Sheria ya Afya ya Jamii ya 2009 inampa nguvu ya kukagua na kumpa mwenye nyumba notisi ya kuondoa kero. Jiandaeni kwa jambo moja: anaweza kuamuru choo kifungwe. Ongeeni na jirani mapema kuhusu choo cha muda.

Madai ya upangaji wenyewe ni njia nyingine. Sheria ya Ardhi, Sura 113, inamtaka mwenye nyumba aiweke nyumba ya kuishi katika hali inayofaa binadamu kwa muda wote wa upangaji. Siku hizi Baraza la Kata linasuluhisha tu. Likishindwa, shauri linakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Msigome kulipa kodi. Mkigoma mnampa sababu ya kuwatoa, na barua yote inapoteza nguvu.

Mpangaji wa Ilemi

Asanteni sana. Wenzangu wawili wanashauri tusubiri mvua kubwa tutapishe choo usiku, yaani tope litoke na maji ya mvua. Mwingine anasema tuchange tunyonye wenyewe, tukate kwenye kodi.

Dada wa Afya ya Jamii

Kutapisha hapana kabisa. Kinyesi kitapita uani kwenu kwanza, kitafika kwenye mtaro, na walio bondeni watakinywa. Kipindupindu husambaa hivyo hivyo. Afisa afya akiwakuta, mwenye kosa ni ninyi, mzee amepona.

Kuchanga inawezekana, ila apatikane mzee kwanza, akubali kwa maandishi: kiasi gani, kitakatwa kwenye kodi ya miezi ipi. Risiti ya gari la kunyonya itunzwe. Bila maandishi, hesabuni mmetoa sadaka.

Wakati mnasubiri, sakafu na mpini wa mlango vipanguseni kwa dawa ya klorini. Ile ya chupa ya asilimia 3.5, kipimo 1 kwa vipimo 6 vya maji. Msiichanganye na asidi ya kusafishia choo, inatoa gesi inayochoma mapafu.

Fundi Chemba

Kabla ya kuita gari, ulizeni urefu wa mpira wake na mpime kutoka barabarani hadi chooni. Tope likiwa zito linahitaji kumwagiwa maji na kukorogwa kwa mti mrefu; pedi, matambara na chupa vitolewe kwa ndoano, vinaziba mpira. Mtu asishuke shimoni hata kidogo. Gesi ya humo inaangusha mtu kwa pumzi chache, na anayemfuata kumwokoa huanguka juu yake.

Sakafu mpya ya mita 1.5 kwa 1.2, unene sentimita 8, inakula kama mfuko 1 wa saruji wa kilo 50 kwa mchanganyiko wa 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto), nondo za mm 10 kila sentimita 15 pande zote mbili. Imwagiliwe kila siku, na isikanyagwe kwa wiki 2. Bomba la hewa liwe la inchi 4 au zaidi, lipite paa kwa sentimita 50, juu lifungwe wavu wa mbu. Bila wavu ni njia ya inzi kutokea.

Mpangaji wa Ilemi

Ndaga fijo (asanteni sana). Kesho tunapima, Jumapili wote wapo nyumbani, tunasaini.