Mrejesho: udongo na kifusi cha kiwanja cha Tabata

Wakuu, habari zenu. Niliuliza kuhusu nyumba ya zamani tunayobomoa Tabata, Dar es Salaam, ambayo nyuma yake palikuwa na gereji: udongo na kifusi vipelekwe wapi kihalali? Aliyeniambia "tenganisha kwanza kabla hujaita lori" Mungu ambariki.

Udongo wa juu ulikuwa umelowa oili chafu. Ulikuwa mweusi, unanuka, na ukiumwagia maji yanatoa utando wa rangi rangi. Tuliuweka peke yake juu ya turubai, tukaufunika mvua isiusombe. Wa chini ni mwekundu, hauna harufu. Sampuli zilienda maabara, majibu yakaja safi, jirani kajazia kiwanja chake. Zege na tofali zimevunjwavunjwa, zikaingia chini ya sakafu mpya. Nondo zilibebwa na watu wa chuma chakavu.

Paa la asbesto ndilo lililonitia hofu. Halivunjwi wala kukatwa ovyo, maana vumbi lake huleta saratani ya mapafu. Mafundi walivaa barakoa maalumu, wakalilowanisha, wakalishusha likiwa zima na kulifunga kwa nailoni nzito. Hilo na udongo wa oili vilichukuliwa na mkandarasi mwenye kibali cha taka hatarishi. NEMC, yaani Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, ndio waliotuelekeza.

Dereva mmoja alitaka kumwaga vyote bonde la Msimbazi kwa nusu bei. Nilimkatalia katakata. Sheria ya Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kando ya mto, na mafuriko ya Jangwani, bonde hilo hilo, tunayajua. Karatasi za makabidhiano ninazo, anayezihitaji aseme.