Nataka kuachia bure programu ya kuangalia faili za DVI, nianzie wapi?

Swali: Wakuu, nimeandika programu ya kufungua faili za DVI zinazotoka kwenye TeX (programu ya kupanga maandishi na hesabu kwa ajili ya kuchapa), unaona ukurasa kwenye skrini kabla hujaprinti na faili ikibadilika inajifungua upya yenyewe. Nataka niiachie bure pamoja na sosi kodi (maandishi yenyewe ya programu). Niweke leseni gani, na nini huwa kinasumbua watu?

Jibu: Hongera sana mkuu! Kama hutaki mtu aichukue akaifunge, yaani aisambaze bila kutoa sosi kodi, weka leseni ya GPL, inakataza hilo; kama hilo halikusumbui basi leseni ya MIT, inaliruhusu, ni fupi inaeleweka. Usipoweka leseni haki zote zinabaki kwako kisheria na watu wa Linux hawataigusa.

Jibu: Kasheshe ni fonti. DVI haibebi maumbo ya herufi, inataja tu jina la fonti na kila herufi ikae wapi, sasa mashine ikikosa hiyo fonti ukurasa unatoka na mapengo, kwa hiyo programu iseme wazi fonti ipi haipo, isinyamaze. Halafu lainisha kingo za herufi, la sivyo vipeo vidogo kwenye hesabu havisomeki kabisa.

Muulizaji: Asanteni sana, naenda na GPL, na ujumbe wa fonti naanza nao leo.

Jibu: Ukiachia weka na faili ya majaribio yenye hesabu nyingi, tuijaribu vizuri.