Mbona vyumba vya magofu ya Kilwa na Gedi ni vyembamba?

Wajuzi, kuta ni nene, vyumba virefu, ila upana hauzidi mita 3. Na chokaa waliipataje?

— Boriti, ndugu. Dari ni mawe na chokaa juu ya boriti za mikoko. Zikipita kama mita 2.8 hupinda. Ukitaka upana, unaweka nguzo, au unajenga kuba kama Msikiti Mkuu wa Kilwa. Nyumba za kale za Ghuba ya Uajemi zina wembamba huohuo: boriti zilitoka kwetu kwa majahazi.

— Chokaa: unapanga magogo duara, unarundika vipande vya matumbawe juu, unawasha. Kisha rundo linaachwa wazi miezi kadhaa, mvua na umande viizimishe, yaani inywe maji ivunjike kuwa unga. Mwenye haraka hujuta! Punje ambazo hazijazimika huvimba ndani ya ukuta na lipu hubanduka.

— Nyongeza: jiwe la ukutani ni la nchi kavu, gumu. La mihrabu (kishubaka cha kibla msikitini) ni tumbawe laini lililokatwa baharini. Huchongwa likiwa bichi, maana likikauka hugoma.

— Shukrani. Kumbe kipimo cha chumba kilitoka kwenye mkoko.