Waya wa spika: unene gani kwa mita 11?

sikio_tulivu:
Wakuu, naombeni msaada. Nina spika mbili za omu 4 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme). Ya kushoto ina waya wa mita 3, ya kulia waya unazunguka ukuta hadi kufika mita 11. Zote nimezifunga kwa waya wa milimita mraba 0.5 niliokuwa nao ndani. Sauti ya kulia iko chini kidogo na besi yake imelegea. Nimebadilishana spika, tatizo likabaki kulekule kulia. Ni waya au amplifaya? Na je, nyaya lazima zilingane urefu?

mzee_wa_besi:
Zima amplifaya, kisha nyuma yake hamisha waya wa kulia uende kushoto na wa kushoto uje kulia. Halafu sikiliza.

sikio_tulivu:
Nimefanya. Bado ni kulia.

mzee_wa_besi:
Basi amplifaya yako ni nzima, shida ni waya. Umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo mita 11 zako ni mita 22 za shaba. Mita moja ya shaba ya milimita mraba 1 ina ukinzani wa omu 0.017 hivi. Zidisha kwa 22, gawanya kwa 0.5, unapata karibu omu 0.75. Kwa spika ya omu 4 hiyo ni nyingi mno: inapata kama asilimia 70 tu ya nguvu ambayo ingeipata.

Mimi ukinzani wa waya siupitishi asilimia 5 ya omu za spika, yaani omu 0.2 kwako. Waya wa 1.5 utakupa 0.25, wa 2.5 utakupa 0.15. Nunua wa 2.5. Kwa spika za omu 8, wa 1.5 ungetosha kabisa. Ukikuta unene wa waya umeandikwa kwa namba za geji za Kimarekani, zinakwenda kinyume: 14 ni mnene kuliko 16.

Urefu usikusumbue. Kata kila upande kadiri unavyohitaji, usikunje mita 8 nyuma ya kabati bure.

Sasa hili nakuomba ulizingatie. Niliwahi kuuziwa waya mnene, ganda linang'aa, nyuzi nyekundu kabisa. Nikakwangua uzi mmoja kwa kisu, ndani mweupe. Alumini iliyopakwa shaba! Ukinzani wake ni kama mara moja na nusu ya shaba, kwa hiyo 2.5 yako inarudi kuwa kama 1.5. Iliniuma sana, maana nilishaupitisha wote darini. Kwangua kabla ya kulipa.

fundi_kimya:
Nyuzi zisokote vizuri kabla ya kuziingiza. Uzi mmoja ukichomoza na kugusa upande wa pili, unaweza kuunguza amplifaya. Na waya wenye mstari uuweke kwenye alama ileile (+ au −), kwenye amplifaya na kwenye spika, kwa spika zote mbili.

sikio_tulivu:
Nimenunua 2.5, nimekwangua, mwekundu hadi ndani. Nimefunga jioni hii. Sauti ya mwimbaji, iliyokuwa imevutwa kushoto, sasa inatoka katikati kabisa. Asanteni sana wakuu.