Naomba ushauri: kwa nini "I washed four cups of tea" imehesabiwa kuwa kosa?

Mleta mada:
Salaam ndugu zangu. Kuna jambo moja ambalo limenisumbua kwa wiki nzima, nami naamini humu wamo walimu na wafasiri watakaonisaidia. Ninajifunza kuandika Kiingereza, na katika insha yangu kuhusu kazi za nyumbani niliandika "After the guests left, I washed four cups of tea", nikikusudia kusema kwamba wageni walipoondoka niliosha vikombe vinne vya chai. Mwalimu alipiga mstari mwekundu chini ya "cups of tea", na pembeni akaandika neno moja tu: "teacups". Nimeikagua sentensi hiyo mara kadhaa na sioni tatizo, kwa sababu kitenzi kimo katika wakati uliopita, "cups" imo katika wingi, na "of" ndiyo "ya" yetu, au ndivyo nilivyofundishwa. Tena alikata "He drinks with a cup", mahali nilipotaka kusema kwamba mtoto sasa anakunywa kwa kikombe. Naomba nieleweshwe sababu, kwa maana nikisahihishwa bila kuelewa nitalirudia kosa lile lile.

Mfasiri wa Siku Nyingi:
Ndugu mleta mada, sarufi yako haina kasoro. Kilichopotea ni maana. Katika Kiingereza, "a cup of tea" ni chai yenyewe iliyokwisha kumiminwa, na kikombe kimetajwa kama kipimo chake tu. Kwa hiyo aliyesoma sentensi yako alielewa kwamba uliiosha chai. Kiswahili kinabeba maana zote mbili katika "vikombe vya chai", na msikilizaji huamua kwa kukisikiliza kitenzi: ukisema umekunywa vikombe viwili vya chai anaelewa kinywaji, ukisema umeviosha anaelewa vyombo. Kiingereza hakikiachii kitenzi kazi hiyo, bali kimekipa chombo jina lake, yaani "teacup", linaloandikwa kama neno moja, na "coffee cup", linaloandikwa kwa maneno mawili. Angalia pia mpangilio wake: sisi hutanguliza kikombe ndipo tukataja kazi yake, wao hutaja kazi kwanza na kikombe kikaja mwisho, na alama ya wingi huwekwa kwenye kikombe peke yake, "teacups", "coffee cups".

Njia ninayoitumia mimi ni kuongeza neno "kunywea" katika Kiswahili kabla ya kutafsiri. Niliosha vikombe vinne vya kunywea chai: maana haikubadilika, basi andika "teacups". Niliwaletea wageni vikombe vinne vya kunywea chai: hapo maana imebadilika, kwa sababu wageni wameletewa vyombo vitupu na bado wanaingojea birika. Ikiwa ulikusudia chai, andika "I brought the guests four cups of tea". Nimewafundisha wengi jaribio hili dogo, na huwasaidia kuliko kanuni yoyote ya kukariri.

Msomaji wa Sarufi:
Nami nigusie "with". Kosa hili linatokana na "kwa" yetu ya kifaa, ambayo mara nyingi hutafsirika vizuri kabisa: kukata kwa kisu ni "cut with a knife", kula kwa kijiko ni "eat with a spoon". Ni rahisi mtu kudhani kwamba kikombe nacho kimo katika kundi hilo. Kumbe Kiingereza hukitazama kikombe kama mahali kinywaji kinapotoka, si kama kifaa cha mkononi, ndiyo maana husemwa "He drinks from a cup" au "He drinks out of a cup". Ukizungumzia namna kinywaji kinavyoandaliwa, tumia "in", kama vile "I prefer my tea in a cup, not in a glass". Hata hivyo "with" usiifute kabisa karibu na neno hili, kwa kuwa hutumika kueleza sehemu ya kikombe: "a cup with a broken handle" ni kikombe kilichovunjika mkono.

Mwanafunzi wa Jioni:
Samahani kwa kuingilia. Sisi tulifundishwa kwamba "tea" haina wingi, na kwamba "two teas" ni kosa popote itakapotokea. Je, ni kweli? Na upatanisho wa kitenzi ukoje, "two cups is" au "two cups are"?

Mfasiri wa Siku Nyingi:
Fundisho hilo limekazwa kupita kiasi. Mtu anapoagiza vinywaji husema "Two teas, please", na mzaliwa wa lugha hiyo haoni kosa lolote. Katika insha mimi ningebaki na "two cups of tea", kwa sababu ndiyo inayofaa maandishi rasmi. Lisilokubalika popote ni "two cup of teas".

Kuhusu kitenzi, jiulize kama unavihesabu vikombe au unataja kiasi kimoja. "Two cups of tea are on the tray" inahesabu, kwa hiyo ni wingi. "Two cups of sugar is too much for one cake" inataja kiasi, kwa hiyo ni umoja, japo "cups" imo katika wingi. Katika mapishi, "cup" ni kipimo maalumu, wala si kikombe chochote kilichomo kabatini: cha Marekani ni takriban mililita 237, cha Australia ni mililita 250.

Msomaji wa Sarufi:
Na unaposoma kwa sauti, tenga "cup" na "cap". Wengi wetu huyatamka yote mawili kama "kap", na msikilizaji akashindwa kujua kama umenunua kikombe au kofia. Irabu ya "cup" ni fupi, na mdomo haupanuki kama katika "cap".

Mleta mada:
Nawashukuru sana, sasa naiona sababu. Nimeandika upya: "After the guests left, I washed four teacups" na "He now drinks from a cup". Limebaki swali moja. Katika aya ya mwisho niliandika "My sister dropped a cup of tea and broke it". Nayo ni kosa?

Mfasiri wa Siku Nyingi:
Sehemu ya kwanza ni sahihi, kwa sababu kikombe kilianguka pamoja na chai iliyokuwamo. Tatizo limo katika "it", ambayo inarejelea "a cup of tea", na chai haivunjiki. Andika "My sister dropped a cup of tea, and the cup broke".